Anayekutangazia Virusi Ndiye Mwenye Duka

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Iguguno, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Nina laptopu niliyoinunua ikiwa imetumika. Natunzia humo hesabu za kikoba chetu: hisa, mikopo na faini za akina mama, karibu wote wakulima wa alizeti na vitunguu. Jioni mjukuu wangu wa kidato cha nne huitumia kutafuta mitihani iliyopita.

Siku hizi kila nikiiwasha, pembeni chini linachomoza tangazo jekundu kwamba kompyuta ina virusi vitano na ulinzi wa McAfee umekwisha muda. Juzi skrini nzima ikajaa maandishi, na sauti ya Kiingereza ikawa inapiga kelele nisizime kompyuta, nipige namba fulani haraka, la sivyo taarifa zangu za benki zitaibwa. Nikachomoa waya wa umeme lakini betri ilikuwa na chaji, sauti ikaendelea. Mjukuu alikimbilia nje.

Fundi mmoja wa Singida mjini anasema nimpelekee aweke antivairasi "ya maisha" kwa shilingi 85,000. Wenzangu wa kikoba wameanza kuuliza kama hesabu zao ziko salama, nami naona aibu kuwajibu. Nilipe? Na kama ipo antivairasi nzuri, ni ipi?

Mwalimu Mstaafu, Iguguno

JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Usimlipe fundi bado, na ile namba usiipige kamwe. Kwa dalili ulizonieleza, hesabu za kikoba hazijaguswa. Tatizo lako kubwa ni ruhusa moja tu ambayo mtu aliitoa kwenye Chrome bila kujua anachokubali, na ruhusa hiyo inafutwa bila kulipa hata senti. Nitakueleza namna ya kuifuta, lakini kwanza nataka ujue lile tangazo ni kitu gani, maana hofu ndiyo silaha yake pekee.

Ukurasa wa tovuti hauwezi kuingia kwenye mafaili yako ukahesabu virusi. Unachoweza kukijua ni vitu vya juujuu: unatumia Chrome au kivinjari kingine, Windows yako ni toleo gani, na anwani yako ya intaneti inatokea nchi gani na kwa kampuni ipi ya simu. Ndiyo maana matangazo mengine hutaja hata jina la mtandao wako, na mtu akadhani wanamjua. Vile virusi vitano ni mchoro. Ule mstari unaojaa taratibu, "inakagua, inakagua", ni picha inayotembea. Ukurasa huohuo ukifunguliwa leo kwenye kompyuta iliyotoka dukani asubuhi, utahesabu virusi vilevile vitano. Umewaona wauza dawa wa mnadani wanaomtajia mpita njia ugonjwa wake wakiwa hatua kumi mbali naye, chupa tayari mkononi? Hawa nao ndivyo wanavyofanya: anayekutangazia virusi ndiye mwenye duka.

Na duka hilo ni la siku nyingi. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iliyoitwa Innovative Marketing pamoja na washirika wake, waliokuwa wakiuza programu kama WinFixer na XP Antivirus. Walirusha matangazo yaliyojifanya kuikagua kompyuta, yakatangaza hatari ambazo hazikuwepo, kisha yakauza dawa. FTC ilisema waliodanganywa walizidi milioni moja. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa washtakiwa alipe zaidi ya dola milioni 163. Waliofuata walibadilisha rangi na majina tu. Siku hizi baadhi yao hukupeleka mpaka kwenye tovuti ya kweli ya kampuni ya antivairasi inayojulikana, ili ukinunua, yule aliyekutisha apate kamisheni. Kwa hiyo kuona nembo ya McAfee au Norton kwenye tangazo hakuthibitishi kwamba kampuni hiyo ndiyo inayokuita, na wala hakuthibitishi kwamba programu yao imewahi kuwekwa kwenye laptopu yako.

Sasa liliingiaje nyumbani kwako? Nadhani ni kupitia mitihani iliyopita. Mtoto akitafuta mitihani ya kidato cha nne au matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, hukutana na tovuti nyingi zisizo za serikali ambazo riziki yake ni matangazo. Baadhi humwekea kizuizi: "Bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Anabofya. Alichokubali hapo si kuthibitisha utu wake. Ameipa tovuti ile haki ya kumtumia arifa wakati wowote, hata akiwa ameshaondoka kwenye ukurasa wake. Tangazo jekundu la pembeni ni mojawapo ya arifa hizo. Linaonekana kama sauti ya kompyuta yenyewe kwa sababu arifa za Chrome na arifa za Windows hutokea kona ileile.

Fungua Chrome, bonyeza nukta tatu za juu kulia, ingia Mipangilio, halafu Faragha na usalama, halafu Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa. Kama Chrome yako iko kwa Kiingereza, mpangilio ni uleule. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Usishangae kukuta majina ya ajabu yenye tarakimu katikati. Ondoa zote usizozijua. Kwa kweli hata ukiondoa zote kabisa hutapoteza kitu. Juu ya ukurasa huohuo chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba kutuma arifa, ili mjukuu asiulizwe tena. Halafu angalia Viendelezi, uondoe chochote ambacho hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kukiweka. Mwisho, ingia kwenye orodha ya programu za Windows uangalie kama kuna kitu kilichoingia siku zile matangazo yalipoanza.

Lile la skrini nzima lenye sauti ni ukurasa wa kawaida uliotanuliwa. Likirudi, shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde chache, mara nyingi skrini itarudi udogo wake na utaona pa kufungia. Likigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua Chrome kwenye orodha itakayotokea, uifunge kwa nguvu. Hata kuizima laptopu kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kunatosha. Sauti inayokukataza kuzima inakukataza kwa sababu ukizima mchezo umekwisha. Ukiwasha tena na Chrome ikauliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Kuhusu namba ya simu, Microsoft wenyewe wameeleza kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauweki namba ya kupiga. Namba ikionekana kwenye onyo, hilo peke yake linatosha kukuonyesha kwamba ni utapeli. Ungepiga, mtu mwenye sauti ya upole angekuomba uweke AnyDesk au TeamViewer. Hizo ni programu halali zinazotumiwa na mafundi wa kweli kuendesha kompyuta wakiwa mbali, ila mikononi mwa tapeli ni sawa na kumkabidhi funguo. Kama yupo msomaji mwingine aliyekwisha kufika hapo, akate intaneti kwanza, aifute programu hiyo, abadilishe nywila zake akitumia kifaa kingine, na aiarifu benki yake au mtandao wake wa pesa siku hiyohiyo. Asisubiri kesho kwa sababu ya aibu.

Mwalimu, wewe utapeli huu unaufahamu tayari kwa sura nyingine. Ni nani Tanzania ambaye hajapata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Tumejifunza kuupuuza kwa sababu tuliusikia kwa Kiswahili, tukausimulia vibandani na kwenye basi, kila mtu akamwonya mwenzake. Tangazo la kompyuta limetukuta hatujasimuliana. Lina Kiingereza kizito, lina rangi za hatari, na limekuja kwenye mashine ambayo wengi wetu bado tunaona kwamba wenye kuielewa ni mafundi tu. Lakini jengo lake ni lilelile: haraka, hofu, na namba. Ujumbe wa matapeli kwenye simu unaweza kuupeleka 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kazi hiyo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa kompyuta kuwa kosa, kwa hiyo aliyeibiwa ana haki ya kufungua jalada polisi.

Tuje kwenye antivairasi. Kama laptopu yako ina Windows 10 au 11, antivairasi unayo. Inaitwa Microsoft Defender, imo ndani tangu mwanzo, haina malipo wala tarehe ya kwisha. Katika majaribio ya maabara huru, AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, imekuwa kwa miaka mingi ikipata alama zinazolingana na za zile za kulipia. Kwa mtu anayeandika hesabu za kikoba, kusoma barua pepe na kumwacha mjukuu asome, inatosha. Hilo ndilo jibu langu, na sisiti.

Lakini hakikisha iko kazini. Andika "Windows Security" kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue, uangalie ulinzi dhidi ya virusi kama una alama ya kijani. Humohumo kuna chaguo la ukaguzi wa nje ya Windows, unaoizima na kuiwasha upya kompyuta, kisha kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka. Ufanye mara moja sasa, upate amani. Ukitaka mganga wa pili, Malwarebytes ina toleo la bure la kukagua, na ESET wana kifaa cha ukaguzi kwenye tovuti yao. Ukimaliza, ziondoe. Usiweke antivairasi mbili zikae pamoja zikifanya kazi kila saa. Zitagombana, na laptopu ya zamani itakuwa nzito kama jiwe la kusagia.

Ukikuta Defender imezimwa na inakataa kuwashwa, hapo nitakuwa na wasiwasi zaidi kuliko ule wa tangazo. Laptopu nyingi zilizotumika huuzwa zikiwa na Windows iliyokrakiwa, yaani isiyo na leseni halali. Programu za kukraki mara nyingi haziwezi kukaa na Defender, kwa hiyo anayeziweka huizima kwanza, halafu anakuuzia mashine isiyo na mlinzi. Miezi michache baadaye anakuuzia antivairasi, nayo mara nyingi imekrakiwa vilevile. Simtuhumu fundi wako, sijamwona. Ila muulize maswali haya mbele ya mtu: leseni ni ya kampuni gani, ni ya muda gani, na risiti yake itatoka kwa nani? Leseni za kampuni kubwa za antivairasi kwa kawaida huhesabiwa kwa mwaka. Neno "ya maisha" kwa shilingi 85,000 linanipa mashaka makubwa.

Kuna jambo la umri wa Windows nalo. Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani walipewa nafasi ya kujiandikisha wapate viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuiruhusu itunze mipangilio yako, ipo njia ya kufanya hivyo bila kulipa. Windows 11 haikubali laptopu nyingi za zamani. Kwa zile za Intel, kwa ujumla inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Kama yako ni ya chini ya hapo, muda ukifika mwombe kijana anayejua akuwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha vizuri mashine za umri huo, na majedwali ya kikoba utayafungua kwa LibreOffice. Windows 7 nisingeiruhusu ifungue benki hata ikiwa na antivairasi tatu.

Najua tatizo la bando. Watu wengi huzima masasisho ya Windows kwa sababu yanamaliza MB usiku mmoja, na siwalaumu. Badala ya kuyazima kabisa, iambie Windows kwamba intaneti yako ni ya kupimwa: kwenye mipangilio ya mtandao kuna kitufe cha "metered connection". Itapunguza upakuaji mkubwa, nawe utachagua siku ya kusasisha, kwa mfano ukienda Singida au Nduguti penye Wi-Fi ya mtu unayemwamini. Masasisho ya Defender yanaweza pia kupakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft kama faili moja, yakabebwa kwa flashi hadi nyumbani.

Je, kuna wa kununua antivairasi? Wapo. Ofisi ndogo yenye kompyuta kadhaa, steshenari inayochomekewa flashi za kila mpita njia, mzazi anayetaka kudhibiti vifaa vya watoto wengi. Mtu huyo asome matokeo ya maabara nilizozitaja, anunue kwenye tovuti ya kampuni au kwa wakala anayetoa risiti, na aangalie bei ya mwaka wa pili, maana ile ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Bitdefender na ESET zina sifa nzuri. Avast ya bure inapendwa, lakini Februari 2024 FTC iliiamuru kampuni hiyo ilipe dola milioni 16.5 kwa kuwa iliuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walizitembelea. Mimi nisingemwekea mwalimu wangu. Kaspersky ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa hofu ya uhusiano na serikali ya Urusi, ingawa katika kukamata virusi ilikuwa ikifanya vizuri. Smadav ya Indonesia, ambayo mafundi wetu huipenda kwa ajili ya flashi, wenyewe huitangaza kama ulinzi wa nyongeza, si mbadala wa ulinzi mkuu.

Flashi ndiyo nataka uiogope kuliko tangazo. Virusi vya kweli vinavyosumbua huku kwetu mara nyingi husafiri nazo. Unapeleka ripoti ya kikoba kuchapisha, unarudi nyumbani, mafaili yote yamegeuka vijishale vya njia ya mkato. Usivibofye. Mafaili yako bado yamo, yamefichwa. Mjukuu afungue dirisha la amri aandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* akiweka herufi ya flashi yenu mahali pa E, kisha Defender iikague flashi nzima. Na uwe na flashi moja ya kupeleka kuchapisha, isiyobeba kitu kingine. Hesabu zenyewe zisikanyage steshenari.

Wenzako wa kikoba wana haki ya kuuliza, na aibu haina nafasi hapa. Hujafanya kosa lolote. Wajibu kwenye kikao kijacho. Waeleze tangazo lilivyokuja, waonyeshe hata picha yake kama unayo, kwa sababu baadhi yao litawatokea kwenye simu zao. Waambie pia unachokwenda kufanya: faili la hesabu litawekewa nywila, nakala itakaa kwenye flashi nyingine kwa mweka hazina, na kila mwisho wa mwezi utachapisha karatasi isainiwe na viongozi. Kompyuta huibwa, huungua, huangushwa na mtoto. Antivairasi haizuii hayo, na fedha ya akina mama wa Iguguno haitakiwi kutegemea mashine moja.

Mjukuu usimchape wala usimnyime laptopu, yuko kidato cha nne na anaihitaji. Mkalishe afute zile arifa kwa mkono wake, ajue alibofya nini. Muonyeshe kwamba tovuti za serikali huishia na .go.tz, ikiwemo ya NECTA, na kwamba Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada bila malipo. Mfungulie akaunti yake kwenye Windows, isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na yako uiwekee nywila.

Fundi mwambie asante, antivairasi unayo. Katika zile 85,000 toa za kununulia flashi mbili, moja ya nakala na moja ya kuchapishia, na bando la kusasisha Windows. Zinazobaki ni zako, Mwalimu. Ukifuta arifa na tangazo bado likachomoza, niandikie tena, na uniambie majina uliyoyakuta kwenye ile orodha.